Shahada Iliyofika Saiti: Maisha ya Robert Taylor

Ndugu zangu wanachuo, hasa nyinyi mnaokesha studio mpaka adhana ya alfajiri inawakuta na rula mkononi, leo nataka niwasimulie habari za mtu aliyekufa zaidi ya miaka 80 iliyopita. Lakini kwanza nianze na aibu yangu mwenyewe.

Likizo ya mwaka wa pili nilikwenda mafunzo kwa vitendo kwenye jengo moja la ghorofa. Kiherehere kikanishika, nikajitolea kuchora ngazi. Nilichora kweli kweli: mistari imenyooka, vivuli vimekaa mahali pake, mwenyewe nikajipongeza. Fundi mwashi mmoja, mtu mzima, akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu zote kama watu wa nyumba hiyo watapanda na vichwa vyao au watavitanguliza juu. Kumbe boriti ya zege ilikuwa inakatiza juu ya ngazi kwa kimo cha mtoto wa darasa la nne! Nilicheka pamoja naye, maana ningefanyaje, lakini usiku ule sikulala vizuri. Yule mzee hajawahi kukaa kwenye darasa letu hata siku moja. Sasa hii shahada ninayoisotea, inanipa nini ambacho yeye hana, na inaninyima nini ambacho yeye anacho?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa Robert Robinson Taylor, anayetajwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kusomea usanifu majengo chuoni na kuhitimu. Nimeyasoma maisha yake nikiwa na swali langu mfukoni, na nadhani alilijibu.

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1868 katika mji wa Wilmington, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Piga hesabu: utumwa ulifutwa nchini humo mwaka 1865, kwa hiyo Robert alizaliwa miaka 3 tu baadaye. Baba yake, Henry Taylor, alikuwa mtoto wa mama mtumwa na baba Mzungu mwenye watumwa. Henry alikuwa seremala. Akajenga, akafanya biashara, mpaka akawa mtu wa kujiweza mjini pale. Robert alisoma Gregory Institute, shule iliyoanzishwa na wamisionari kwa ajili ya watoto wa Weusi, kisha akaingia kazini kwa baba yake. Kabla hajaijua hewa ya chuo alikuwa amekwisha kusimamia mafundi. Kwa lugha yetu ya siku hizi, saiti alianza nayo, darasa likafuata.

Mwaka 1888, akiwa na miaka 20, alifunga safari kwenda kaskazini kujiunga na Massachusetts Institute of Technology, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya mji wa Boston. Hapa kuna jambo ambalo sisi wa usanifu hatusimuliwi sana. Idara ya usanifu ya chuo kile ndiyo ya kwanza kufundisha fani hii katika chuo kikuu nchini Marekani, na masomo yake yalianza mwaka 1868, mwaka uleule aliozaliwa Taylor. Kabla ya hapo, kijana wa kule aliyetaka kuwa msanifu alijibanza kwenye ofisi ya mkubwa fulani akachora na kutumwa kwa miaka, au kama kwao walikuwa na uwezo, alipanda meli kwenda kusoma Ulaya. Wazo kwamba usanifu majengo ni somo la kukaa darasani, kufanya mitihani na kutunukiwa shahada lilikuwa bado bichi. Yeye na hilo wazo walikuwa rika moja.

Masomo yenyewe yalifuata mtindo wa Paris. Mwalimu wa usanifu, Eugène Létang, alikuwa Mfaransa. Mwanafunzi alijifunza nguzo za Kigiriki na Kirumi, akazichora kwa wino na kuzitia vivuli mpaka macho yawashe. Pamoja na hayo kulikuwa na hesabu za kalkulasi, trigonometria, umakanika na historia ya usanifu. Taylor alifanya vizuri, na kwa miaka miwili alipewa ufadhili wa masomo. Kwa wale mnaosubiri bumu kila muhula mnajua maana ya sentensi hiyo.

Alihitimu mwaka 1892, mtu Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo kile. Mradi wake wa mwisho ulikuwa usanifu wa makao ya askari wazee, wale walioumia au kuzeeka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Michoro yake ipo mpaka leo. Mimi huwa naufikiria sana uchaguzi ule. Wengi wetu mwaka wa mwisho tunachora uwanja wa ndege, au mnara wa vioo ambao hakuna mtu aliyeuomba. Yeye alichora nyumba ya watu waliochoka.

Sasa ikaja njia panda. Wakati bado yuko chuoni, Booker T. Washington alikuwa amekwisha kumfuata na kumshawishi. Washington, aliyezaliwa utumwani, aliongoza shule ya Tuskegee huko Alabama, iliyofunguliwa mwaka 1881 kwa ajili ya watoto wa watu walioachwa huru. Shule ilianza haina majengo ya maana, na Washington akaamua wanafunzi wenyewe wajenge. Tofali zikawa tatizo. Wakachoma tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu nalo vilevile. Fedha zikaisha. Washington akaenda kuweka saa yake rehani kwa dola 15, akarudi wakachoma tanuri la nne, na hilo likakubali. Tangu hapo tofali za Tuskegee zikawa zinanunuliwa hata na Wazungu wa jirani.

Mahali kama hapo ndipo alipoitwa mtu mwenye shahada ya kalkulasi na nguzo za Kirumi. Angeweza kubaki kaskazini kutafuta ofisi. Akakubali kwenda. Mwaka 1893 jengo lake la kwanza pale, jengo la sayansi, lilikuwa limesimama.

Tuelewane vizuri kazi yake ilikuwa nini, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Taylor hakuwa mchoraji wa ofisini anayetuma ramani kwa mkandarasi na kusubiri simu. Alichora jengo, kisha akalijenga na wanafunzi. Vijana walichimba udongo, wakafyatua tofali, wakachoma, wakajenga kuta, wakapasua mbao, wakaweka madirisha. Jengo likiwa linapanda, lenyewe lilikuwa darasa. Na wanafunzi wa ufundi walifundishwa kuchora: mwashi, seremala na mhunzi wote walitakiwa wajue kusoma ramani na kuitengeneza. Basi pale Tuskegee, fundi wa aina ya yule mzee wangu wa ngazi asingengoja mpaka karatasi imfikie ndipo aone kosa. Angekuwa amekaa meza moja na mchoraji tangu mwanzo. Na mchoraji naye angekuwa ameshika mwiko.

Kazi iliyopendwa kuliko zote, na ambayo Taylor mwenyewe aliiona ndiyo bora katika maisha yake, ni kanisa la chuo. Lilijengwa kuanzia mwaka 1896 hadi 1898 kwa tofali ambazo wanafunzi walizichoma na mikono yao. Likatiwa taa za umeme wakati ambapo nyumba nyingi za mkoa ule zilikuwa bado zinawasha mafuta. Hebu fikiri: mtoto ambaye bibi yake aliuzwa mnadani anaingia kusali jioni ndani ya jengo lililochorwa na mtu wa rangi yake, kwa tofali alizozichoma kaka yake, chini ya taa ya umeme.

Lakini tusiipake historia sukari. Mwaka huohuo wa 1898, mwezi Novemba, kule Wilmington alikozaliwa Taylor, kundi la Wazungu wenye silaha liliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa kwa kura, likaua Weusi na kuchoma moto gazeti lao. Watu wengi wakaukimbia mji, wakaacha nyumba na biashara. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1901, jimbo la Alabama nalo likapitisha katiba mpya iliyotungwa kwa makusudi ya kuwaondolea Weusi haki ya kupiga kura. Kwa hiyo kila ukuta aliousimamisha Taylor ulisimama katika nchi ambayo sheria zake zilikuwa zinajengwa dhidi yake.

Mwaka 1899 aliondoka Tuskegee akaenda kufanya kazi ya usanifu mjini Cleveland. Hakukaa huko sana. Baada ya miaka michache alirudi Tuskegee, akawa mkuu wa idara zote za ufundi, na baadaye makamu mkuu wa chuo. Aliacha nyuma yake mabweni, maktaba, jengo la utawala, bwalo la chakula na hospitali. Nyumba ya Washington iitwayo The Oaks, aliyoisanifu yeye na kujengwa na wanafunzi, ipo mpaka leo na watu huitembelea. Nje ya Tuskegee alisanifu maktaba za vyuo vingine vya Weusi, na pamoja na mwenzake Louis Persley wakasanifu jengo kubwa la Wamasoni Weusi mjini Birmingham katika miaka ya 1920.

Sasa nifike kwenye ubishi, maana bila ubishi hili si gazeti la wanafunzi. Wapo waliompinga Washington vikali, na mkubwa wao alikuwa W. E. B. Du Bois, Mweusi wa kwanza kupata udaktari wa falsafa Harvard. Hoja yake ilikuwa kwamba kuwaambia watu washike nyundo, wasahau vyuo vikuu na wanyamaze kuhusu kura ni kuwafunga kamba nyingine. Wazungu wengi waliifurahia Tuskegee kwa sababu hiyohiyo: waliona ni kiwanda cha kuzalisha vibarua watiifu. Du Bois akaongeza jambo ambalo mimi naliona ni msumari: shule kama Tuskegee zisingefunguka hata siku moja bila walimu waliosoma vyuoni.

Ukimtazama Taylor utaona msumari huo umepiga palepale. Nani aliyefanya tofali za Tuskegee ziwe majengo ya kudumu? Ni mtu aliyesoma kalkulasi na umakanika Boston. Mwaka 1911 chuo chake cha zamani kilipoadhimisha miaka 50, Taylor alikwenda kusoma mada mbele ya wahitimu wenzake. Alieleza kwamba mipango na taratibu alizojifunza pale amezichukua na kuzipanda Tuskegee, na kwamba alichokipata zaidi ni ile tabia ya kufanya kazi kwa mpango na kwa ukamilifu. Hakuidharau nadharia hata kidogo. Alijua ndiyo iliyomfikisha.

Upungufu wenyewe wa Tuskegee ya wakati ule ulikuwa hapo. Mwanafunzi aliyesomea uchoraji wa majengo alipata cheti, hakupata shahada. Aliyetaka kwenda mbele ilibidi ahame. William Sidney Pittman alitoka Tuskegee akaenda kuendelea Drexel, kule Philadelphia, akarudi kufundisha. Vertner Tandy alianzia Tuskegee akamalizia Cornell, akaja kuwa Mweusi wa kwanza kusajiliwa kama msanifu majengo katika jimbo la New York. Kwenye kazi zao utaona Taylor hakuzalisha vibarua. Lakini pia utaona kwamba nusu ya elimu iliwalazimu kuitafuta kwingine, na kila asiyekuwa na nauli aliishia kwenye nusu ya kwanza.

Na ubishi huu si wa mbali nasi jinsi unavyodhani. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuangalia elimu, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Tume ilisifu elimu ya mikono ya mtindo wa Tuskegee. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, Kenya, kwa kufuata fikra hizo. Serikali za kikoloni zilipenda, tena zilipenda mno. Kwa macho yao Mwafrika alifaa kujua jembe na randa, hayo mengine yangemvimbisha kichwa. Wazee wetu wengi wakaigundua hila, wakadai shule za vitabu. Ndipo tulipoanza kuamini kwamba msomi wa kweli hashiki udongo, na imani hiyo ndiyo iliyonifanya mimi nichore ngazi ya kugonga vichwa.

Tuskegee ilikuwa na mtu aliyeunganisha nusu mbili. Sisi tuliletewa nusu moja, tukaikataa kwa haki, tukakimbilia nusu nyingine tukaikumbatia kama vile ndiyo nzima. Mkoloni alitupa mikono bila kalkulasi. Tukajipa kalkulasi bila mikono.

Taylor mwenyewe alikanyaga bara letu. Mwaka 1929, akiwa na miaka 61, alisafiri mpaka Liberia kutengeneza mpango wa shule ya kilimo na ufundi iliyopewa jina la Booker Washington, katika mji wa Kakata, kazi iliyogharamiwa kwa sehemu na mfuko uleule wa Phelps-Stokes. Shule hiyo ipo hadi leo. Mwaka huohuo Lincoln University ikamtunuku udaktari wa heshima.

Katikati ya miaka ya 1930 alistaafu, akarudi Wilmington, mji uliowafukuza wengi wa watu wake. Alikubali kuwa mjumbe wa bodi ya chuo cha ualimu cha Fayetteville, jimboni kwake. Mwanawe, Robert Rochon Taylor, alikuwa anashughulika na makazi ya watu wa kipato cha chini mjini Chicago, na baadaye akawa Mweusi wa kwanza kuongoza bodi ya mamlaka ya nyumba za umma za mji huo.

Desemba 1942 Mzee Taylor alikuwa Tuskegee, akiwa amerudi kutembea. Alizidiwa ghafla akiwa ndani ya lile kanisa lake, akafariki dunia tarehe 13 ya mwezi huo, akiwa na miaka 74. Kanisa lenyewe halikudumu. Mwaka 1957 radi ililipiga likaungua, na lililopo sasa ni jengo jingine lililokamilika mwaka 1969. Mwaka 2015 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Ni heshima nzuri, lakini mimi nadhani heshima iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Ile Tuskegee ambayo zamani ilitoa cheti tu na kuwaacha akina Tandy wakatafute shahada mbali, leo inatoa shahada ya kwanza ya usanifu majengo, na shule inayoitoa, ambayo inafundisha pia sayansi ya ujenzi, inaitwa kwa jina la Robert R. Taylor. Usanifu na ujenzi chini ya paa moja. Nusu mbili zimekutana.

Basi, wanachuo wenzangu, nirudi kwenye swali langu. Shahada ilimpa Taylor kile ambacho baba yake seremala hakuwa nacho: uwezo wa kuona jengo zima kabla tofali la kwanza halijawekwa, kulipigia hesabu lisianguke, na kuandaa mpango ambao mamia ya watu wanaweza kuufuata. Haikumnyima kile alichokipata kwa baba yake, kwa sababu alikataa kuking'oa. Hayo mawili hayapingani. Atakayekuambia acha nadharia ushike nyundo, muulize watoto wake anawasomesha wapi. Na atakayekuambia nyundo ni ya mafundi, wewe ni msomi, mpeleke kwenye ngazi yangu apande nayo.

Mimi likizo hii narudi kwa yule mzee. Nimemwomba anifundishe kujenga kona ya ukuta, amekubali. Ameniambia nije na mwiko wangu, na nije pia na ile karatasi ya ngazi, kwa sababu naye ana jambo anataka nimfundishe: anataka kujua ninavyopiga hesabu ya boriti.